Ndoa ikivunjika Kakuyuni, deni la ushuru hubaki kwa nani?

WANANDOA wanapotengana katika vijiji vya Kakuyuni, magharibi mwa mji wa Malindi, maswali yatakayoulizwa barazani hujulikana hata kabla ya wazee kuketi. Watoto watakaa na nani? Mahari yatarejeshwa au la? Nyumba ni ya nani, na miembe, mikorosho na minazi iliyopandwa wakati wa ndoa itavunwa na nani?

Kuna swali moja ambalo mara nyingi husahaulika. Ni nani atakayejibu barua ya Mamlaka ya Ushuru Nchini (KRA) itakapofika?

Barua hiyo siku hizi haiji kwa tarishi. Huja kama ujumbe kwenye simu au barua pepe, na yaweza kuja miaka miwili au mitatu baada ya kila mmoja kushika njia yake. Hudai ushuru wa biashara iliyokwisha kufungwa, ushuru wa kodi za nyumba ambazo mdaiwa hakuwahi kuzipokea, au faini ya ritani ambazo hazikuwasilishwa. Hapo ndipo waliokuwa mume na mke hung'amua kwamba ndoa yao ilikwisha mbele ya wazee, mbele ya kadhi au mbele ya hakimu, lakini mbele ya mtoza ushuru bado haijaisha.

Tatizo lenyewe si gumu kulieleza. Sheria za Kenya zimefafanua kwa kirefu namna ya kugawa mali ya wanandoa, lakini hazikufafanua vya kutosha ni nani abebe ushuru uliotokana na mali hiyo. Na kwa kuwa KRA humtambua mtu kwa jina lake na nambari yake ya PIN, mzigo humwangukia aliyeandikwa, hata kama fedha zilikuwa mfukoni mwa mwenzake.

Mwalimu na mfanyabiashara

Kakuyuni ni mojawapo ya wadi tano za eneobunge la Malindi. Ni nchi ya wakulima wa embe, korosho, nazi na mahindi. Wenye mishahara ni wachache: mwalimu, muuguzi, askari, mfanyakazi wa kaunti. Kwa sababu hiyo, katika nyumba nyingi mmoja tu kati ya mume na mke ndiye mwenye stakabadhi zinazotakiwa na benki na serikali.

Tuchukue mfano wa kubuni, ingawa msomaji wa Pwani hatakosa kumfahamu mtu wa namna hii. Mke ni mwalimu wa shule ya msingi. Ana PIN tangu siku alipoajiriwa. Mumewe hununua embe na korosho mashambani na kuziuza Malindi na Mombasa. Biashara ilipostawi, wakafungua duka la vifaa vya ujenzi, na duka likasajiliwa kwa jina la mke.

Hawakuwa na nia mbaya. Chini ya mpango wa AGPO ulioanzishwa mwaka wa 2013, asilimia 30 ya zabuni za serikali hutengewa vijana, wanawake na watu wenye ulemavu. Biashara ya mwanamke ilikuwa na nafasi ya kupata kazi ambayo ya mwanamume isingepata. Mke akatia sahihi, mume akaendesha shughuli. Wakapata zabuni ya kuuza saruji na mabati ya Sh1.2 milioni, wakasherehekea pamoja.

Baadaye ndoa ikaingia doa, wakatengana. Mume akabaki na duka, lori na wateja. Mke akarudi kwao na watoto. Hakujua kwamba amerudi na biashara yenyewe. Biashara iliyosajiliwa kwa jina tu, bila kuwa kampuni, haina nafsi yake mbele ya sheria. Mwenye jina ndiye mwenye deni.

Hesabu yenyewe ni hii. Tangu Julai 2023, ushuru wa mauzo kwa biashara yenye mauzo ya kati ya Sh1 milioni na Sh25 milioni kwa mwaka ni asilimia 3. Kwa zabuni hiyo moja, ushuru ni Sh36,000. Usipolipwa kwa wakati, huongezwa adhabu ya asilimia 5, yaani Sh1,800, na riba ya asilimia 1 kila mwezi, yaani Sh360. Baada ya miaka miwili deni limefika Sh46,440, na hapo hatujahesabu faini za ritani ambazo hazikuwasilishwa wala mauzo mengine ya duka.

Mwalimu huyu akitaka cheti cha kuonyesha kwamba hadaiwi ushuru, ambacho huhitajika kwa zabuni na kwa kazi nyingi za umma, atanyimwa. Deni likikomaa, sheria inaipa KRA uwezo wa kuiagiza benki yake imkate fedha zilizo katika akaunti. Mume anayeuza saruji hadi leo hana la kumtisha, kwa maana katika mitambo ya KRA yeye ni mtu asiyekuwapo.

Mke alipofunikwa na jina la mume

Ili tuelewe jinsi tulivyofika hapa, yafaa turudi nyuma kidogo. Sheria ya Ushuru wa Mapato, Sura ya 470, iliyoanza kutumika mwaka wa 1974, iliyahesabu mapato ya mwanamke aliyeolewa na anayeishi na mumewe kuwa ni mapato ya mume. Mume ndiye aliyekadiriwa ushuru, ingawa sehemu iliyotokana na mapato ya mke ingeweza kudaiwa kwake mke ikibidi. Fikra hiyo ilitoka Uingereza, ambako nako mapato ya mke yaliendelea kuhesabiwa pamoja na ya mume hadi Aprili 1990.

Sheria hiyo ilitaja hali tatu ambazo zilimtoa mke chini ya kivuli hicho. Ya kwanza ni kutengana kwa amri ya mahakama au kwa mkataba wa maandishi. Ya pili ni kutengana katika mazingira yanayoonyesha kwamba hawatarudiana. Ya tatu ni mke kuwa mkazi wa Kenya ilhali mumewe si mkazi.

Kwa mwanamke wa Kakuyuni aliyefunga virago alfajiri na kurudi kwa wazazi wake, hali ya pili ndiyo iliyomhusu. Lakini angeithibitisha vipi? Hakuwa na amri ya mahakama wala mkataba. Alikuwa na ushahidi wa majirani na wa mamake, na huo hauna mahali pa kubandikwa kwenye fomu.

Baadaye sheria ilimruhusu mke kuwasilisha ritani yake mwenyewe akipenda. Hata hivyo, mazoea hayafi upesi. Ritani zilipohamia kwenye mtandao wa iTax, fomu bado ilikuwa na swali la kumuuliza mume iwapo angependa kutangaza mapato ya mkewe.

Katiba ya 2010 imeyabomoa mawazo hayo kutoka kwenye msingi. Kifungu cha 27 kinakataza ubaguzi kwa misingi ya jinsia na hali ya ndoa. Kifungu cha 45 kinasema mume na mke wana haki sawa wanapooana, wakiwa katika ndoa, na ndoa inapovunjika. Kwa hiyo leo hatuwezi tena kuzungumzia mapato ya mke kana kwamba ni kiambatisho cha mapato ya mume. Kila mtu na PIN yake, kila mtu na ritani yake.

Huo ni ushindi usiopaswa kubezwa. Lakini una upande wake wa pili. Zamani mke alifunikwa na jina la mume. Leo mke anasimama kwa jina lake mwenyewe, na jina hilo laweza kuazimwa na mume, likatumiwa, kisha likarudishwa likiwa na deni. Usawa ulioandikwa kwenye karatasi umempa wajibu wote wa mlipaji ushuru. Haujamhakikishia kwamba mapato yanayotozwa ushuru huo yalimfikia.

Mashahidi wa mnazi

Kabla ya kuwalaumu wazee kwa kusahau ushuru, tukumbuke kwamba ugawaji wa mali ni jambo walilolizoea tangu jadi. Miongoni mwa Wagiriama, ardhi na mti vyaweza kuwa na wenye tofauti: shamba la huyu, minazi ya yule. Mtaalamu wa elimu ya jamii David Parkin, aliyefanya utafiti miongoni mwa Wagiriama, alitoa kitabu mwaka wa 1972 kilichoonyesha jinsi madai ya minazi na mashamba yalivyotegemea mashahidi. Aliyekuwa na wazee wa kumshuhudia ndiye aliyekuwa na mali.

Utaratibu huo ulikuwa na hekima yake. Kila mtu kijijini alijua nani alipanda, nani alinunua na nani aliazima. Mtoza ushuru hayajui hayo na hawezi kuyajua. Yeye hutazama jina lililo kwenye leseni, kwenye akaunti ya benki, kwenye nambari ya malipo ya simu na kwenye ankara za kielektroniki. Mzee wa kaya hasikizwi na tarakilishi.

Kadhi naye ana mipaka yake. Kifungu cha 170 cha Katiba kinampa mamlaka ya kuamua masuala ya hadhi ya mtu, ndoa, talaka na urithi, pale ambapo wahusika wote ni Waislamu na wamekubali kusikizwa mbele yake. Anaweza kuandika talaka na kuamua haki za mke. Hawezi kuiamuru KRA ihamishe deni kutoka PIN moja hadi nyingine.

Mahakama za kawaida zina nguvu zaidi, ila nazo hutazama mali kwa jicho tofauti na la mtoza ushuru. Sheria ya Mali ya Wanandoa ya 2013 inasema umiliki hutegemea mchango wa kila mmoja, na mchango si fedha pekee. Kazi za nyumbani, malezi ya watoto, kusimamia biashara ya familia na kulima shamba, vyote huhesabiwa. Mnamo Januari 2023, katika kesi ya Ogentoto, Mahakama ya Juu ilisisitiza kwamba mali haigawanywi nusu kwa nusu moja kwa moja. Kila upande sharti uthibitishe ulichochangia.

Sheria hiyohiyo, katika kifungu cha 10, inasema madeni yaliyoingiwa wakati wa ndoa kwa manufaa ya ndoa yabebwe kwa usawa. Hapa ndipo mwanya unapoonekana wazi. Je, ushuru wa duka lililolisha familia si deni la manufaa ya ndoa? Kwa akili ya kawaida, ndiyo. Mwalimu wetu anaweza kwenda mahakamani kudai mumewe wa zamani amrejeshee nusu au zaidi. Lakini hiyo ni kesi kati yake na mume. Kwa KRA, atalipa kwanza, kesi baadaye. Na kwa mshahara wa mwalimu mwenye watoto, wakili si mtu wa kuajiriwa kwa deni la Sh46,440.

Vyumba kumi vya kupangisha

Ubishi mwingine hutokana na nyumba za kupangisha. Wenyeji wengi wa Kakuyuni waliofanikiwa kidogo hununua kiwanja karibu na mji wa Malindi na kujenga vyumba. Tuseme ni vyumba 10 vya Sh3,000 kwa mwezi. Hiyo ni Sh30,000 kila mwezi, au Sh360,000 kwa mwaka.

Ushuru wa mapato ya nyumba za makazi huwahusu wanaopokea kati ya Sh288,000 na Sh15 milioni kwa mwaka. Tangu Januari 2024 kiwango chake ni asilimia 7.5 ya kodi yote inayopokewa, bila kutoa gharama. Kwa vyumba hivyo, ushuru ni Sh2,250 kila mwezi, unaopaswa kulipwa kabla ya tarehe 20 ya mwezi unaofuata. Kwa mwaka ni Sh27,000.

Wanandoa wakiwa pamoja, hakuna anayeuliza nani alipe. Wakitengana, mambo hubadilika. Hati ina jina la mume, lakini wapangaji humlipa mke kwa simu kwa sababu ndiye anayelea watoto. Mume asema hapokei hata senti, basi asilipe ushuru. Mke asema nyumba si yake kwa jina, basi naye asilipe. Kila mmoja ana hoja, na kila mwezi unaopita deni linakua.

Wakikubaliana kuwa kila mmoja achukue nusu, kila mmoja atapokea Sh180,000 kwa mwaka. Kiasi hicho ni chini ya Sh288,000, hivyo mapato hayo hayaingii tena katika utaratibu wa asilimia 7.5. Yanaingia katika ritani ya kila mwaka, pamoja na mshahara na mapato mengine. Kwa asiye na mshahara, huenda ushuru ukapungua. Kwa mwalimu, yaweza kuwa kinyume. Mgao uliokusudiwa kuleta amani unabadilisha aina ya ushuru na kiasi chake, nao hawakujua walipokuwa wakipatana.

Hati moja yaweza kuokoa maelfu

Msomaji aweza kudhani kwamba karatasi ni mambo ya matajiri. Hebu tutazame ushuru wa faida inayopatikana katika kuhamisha mali. Ulirejeshwa Januari 2015 kwa kiwango cha asilimia 5, na tangu Januari 2023 ni asilimia 15.

Shamba la mkulima wa Kakuyuni kwa kawaida haliguswi, kwa maana ardhi ya kilimo iliyo nje ya miji na isiyofika ekari 50 imesamehewa, na vivyo hivyo ardhi inayohamishwa kwa thamani isiyozidi Sh3 milioni. Lakini kile kiwanja cha mjini chenye vyumba vya kupangisha ni jambo jingine. Kama kiligharimu Sh1 milioni pamoja na ujenzi, na leo thamani yake ni Sh4 milioni, faida ni Sh3 milioni na ushuru wake ni Sh450,000.

Sheria imeweka mlango wa nafuu. Mali inapohamishwa kati ya wanandoa, au kati ya waliokuwa wanandoa kama sehemu ya makubaliano ya talaka au mkataba wa kweli wa kutengana, haihesabiwi kuwa imeuzwa, na ushuru huo hautozwi. Mlango uko wazi, ila ufunguo wake ni karatasi. Waliotengana kwa maneno matupu, hata kama mbuzi wamechinjwa na wazee wametema baraka, watapata taabu kuthibitisha kwamba uhamisho huo ulikuwa sehemu ya talaka na haukuwa mauzo ya kawaida.

Sheria ya Ndoa ya 2014 iliagiza ndoa za kimila zisajiliwe kama ndoa nyingine. Ndoa ambayo haikusajiliwa ni vigumu kuvunjwa kwa maandishi. Ndiyo sababu wahenga wa Pwani walisema kwamba mali bila daftari huisha bila habari. Leo tungeongeza kwamba deni bila daftari halina mwisho.

Ushuru kama silaha

Kuna upande mwingine wa suala hili usiozungumzwa hadharani, nao ni kisasi. Mke anajua mume aliuza tani ngapi za embe na akaandika ngapi. Mume anajua mke ana vyumba ambavyo havijawahi kutajwa katika ritani. Wakiwa pamoja, siri hizo ni za nyumba. Wakigombana, hugeuka kuwa mishale.

KRA ina utaratibu wa kuwatuza wanaofichua wakwepaji ushuru. Mtoa habari aweza kupata asilimia 5 ya ushuru utakaopatikana, ilimradi isizidi Sh5 milioni. Utaratibu huo una manufaa kwa taifa. Lakini katika talaka yenye uchungu, hutumika kumtisha mwenzako: usipoacha kudai watoto, nitakwenda KRA, usiponipa kiwanja, nitatoa daftari zako.

Anayetishia hivyo aangalie asijichimbie kaburi. Kama biashara iliandikwa kwa jina lake, au kama alitia sahihi ritani ya uongo akijua, moto anaouwasha utamrudia. Na hata ukimchoma mwenzake peke yake, fedha zitakazokwenda kwa faini na riba ni zilezile ambazo zingelipa karo ya watoto wao.

Kadhalika, mzazi anayemweleza hakimu kwamba hana uwezo wa kutoa matunzo ya mtoto, kisha ritani yake ikaonyesha mapato manono, amejitia kitanzi. Anayeiambia KRA kwamba hana kitu naye atapata shida kuieleza mahakama kwamba yeye ndiye aliyejenga nyumba.

Je, KRA ina makosa?

Haitakuwa haki kuitupia mamlaka hii lawama zote. Jukumu lake ni kukusanya ushuru, na haina uwezo wa kuchunguza nani alikula nini katika kila nyumba. Ikikubali kila dai la mke au mume kwamba biashara ilikuwa ya mwenzake, wapo watakaotengana mchana na kukutana usiku, ili deni lining'inie hewani. Sheria iliposisitiza mkataba wa kutengana uwe wa kweli, ilikuwa na watu hao akilini.

Hata hivyo, kuna jambo moja ambalo halina utetezi. Anayepinga makadirio ya ushuru ana siku 30 za kuwasilisha pingamizi. Kamishna akilikataa, ana siku nyingine 30 za kwenda kwenye Jopo la Rufaa za Ushuru. Siku hizo huanza kuhesabiwa taarifa inapotumwa. Sasa fikiria PIN ya mke ilifunguliwa katika saiba moja ya Malindi, kwa barua pepe na nambari ya simu ya mume. Taarifa inatumwa kwa mume. Mume anaisoma, anacheka, anaifuta. Mke anapopata habari, siku 30 zimekwisha zamani na deni limekuwa halali.

Wamarekani walilikabili jambo la aina hii kwa njia yao. Huko mume na mke wanaweza kuwasilisha ritani moja, na wakifanya hivyo kila mmoja anawajibika kwa deni lote, hata baada ya talaka. Kwa sababu hiyo, mwaka wa 1998 Bunge lao lilipanua nafuu kwa mwenzi asiye na hatia, yaani yule ambaye hakujua wala hakuwa na sababu ya kujua kwamba mwenzake ameficha mapato. Mwombaji huchunguzwa, na si kila aombaye hupewa.

Kenya haina ritani ya pamoja ya namna hiyo, hivyo haikuona haja ya nafuu kama hiyo. Lakini madhara tuliyo nayo yanafanana. Tofauti ni kwamba huko mtu hunaswa kwa sahihi aliyoitia pamoja na mwenzake, na hapa hunaswa kwa jina aliloliazima.

Nini kifanyike?

Kwanza, wabunge wana kazi. Sheria ya Taratibu za Ushuru ya 2015 inaweza kuongezewa kifungu kitakachomruhusu aliyekuwa mwenzi kuiomba KRA imfuate kwanza aliyeendesha biashara na kupokea fedha, pale ambapo kuna uamuzi wa mahakama au mkataba ulioandikwa kabla ya deni kudaiwa. Sharti hilo la maandishi ya mapema litawazuia walaghai.

Pili, mahakimu, makadhi, machifu na wazee wanaosuluhisha ndoa waliweke suala la ushuru mezani. Maswali yenyewe ni machache. Ni biashara gani imeandikwa kwa jina la nani? Ritani za miaka iliyopita ziliwasilishwa? Kuna deni? Nani atalilipa, na kuanzia tarehe gani kila mmoja atajitegemea? Majibu yaandikwe, yatiwe sahihi na mashahidi. Hapo mashahidi wa mnazi watakuwa wamejifunza kuandika.

Tatu, kila mmoja ajilinde. Anayetengana na mwenzake abadilishe nywila ya iTax na barua pepe iliyosajiliwa kabla ya jambo lingine lolote. PIN ni ya mtu mmoja na sheria hairuhusu itumiwe na mwingine. Kama biashara iliyo kwa jina lake haiko tena mikononi mwake, aifunge rasmi au aihamishe, na aiarifu KRA kwa maandishi. Awasilishe ritani kabla ya Juni 30 kila mwaka hata kama hana mapato, kwa maana faini ya kuchelewa ni Sh2,000 au asilimia 5 ya ushuru, kutegemea kilicho kikubwa. Na ahifadhi stakabadhi kwa miaka mitano, kwa sababu huo ndio muda ambao kwa kawaida KRA inaweza kurudi nyuma kukagua.

Nne, KRA yenyewe iende vijijini na habari hizi. Mamlaka hii hufanya kampeni kila Juni kuwahimiza Wakenya kuwasilisha ritani. Ingefaa katika baraza za Kakuyuni, Ganda na Jilore iwaeleze pia wanawake na vijana maana ya kutia sahihi biashara ya mwingine, kabla hawajaitia.

Ndoa ni amana, na kumwazima mwenzako jina lako ni sehemu ya amana hiyo. Hakuna anayeolewa akiwa na hesabu ya riba kichwani, na haifai kuwa hivyo. Lakini siku wazee watakapoketi chini ya mwembe kugawa kilichobaki, wasiinuke kabla ya kuuliza swali hili la mwisho. Wakilisahau, mtoza ushuru ataliuliza kwa niaba yao, naye atamuuliza mtu mmoja tu.